Namna ya kutayarisha eksipoze juu ya utumwa, dini na serikali mu Massachusetts ya zamani

Badogo zangu, tangu mwezi jana nimeisha kupokea ku sekretaria yangu hapa Nyawera batu bane benye banakuya kuchapisha travo moja ile ile: utumwa, dini na serikali mu koloni moja ya kaskazini ya Marekani, dakika 20 mbele ya oditwari, kisha maswali. Na bote bane baliniletea kazi ya namna moja, kurasa mbili za utumwa, mbili za dini, mbili za serikali, sawa vile sahani ya restora yenye fufu iko kule, sombe kule, madesu kule, hakuna yenye inagusa ingine. Batatu ba kwanza nilibachapia, juu makuta ni makuta, lakini wa ine nilimuambia akae kwanza tuzungumze, na hii ninaandika hapa ni ile nilimuambia, pamoja na kidogo yenye nilikumbuka akiisha kwenda.

Mi mwenyewe nilifanyaka hii eksipoze zamani na nilianguka. Nilisoma karatasi dakika 18 bila kuinua macho, meli Mayflower, baridi, njaa, Harvard, yote, kisha mama mumoja mwenye alikuwa anakaa nyuma, umri yake ilikuwa inatupita shiye bote, akauliza: "Sasa bale batumwa unasema, ni nani alitoa ruhusa?" Nikajibu eti utumwa ilikuwa mambo ya kusini, kule ku pamba. Profesa akatosha lineti, akaiweka ku meza, akaniambia nirudie ku kiti yangu. Miaka imepita lakini ile swali ya mama haijanitoka. Nani alitoa ruhusa. Ukiijibu ile, dini na serikali bitakuya byenyewe, hautabivuta na kamba.

Kwanza kabisa chagua koloni moja na ubakie mule. Kaskazini kulikuwa makoloni mingi na kila moja ilikuwa na akili yake: Rhode Island, Connecticut, New Hampshire, Pennsylvania ya Baquaker, New York yenye ilikuwa ya Baholandi mpaka Baingereza bakaichukua mu 1664. Ukichanganya yote mu dakika 20 utakuwa sawa mutu anaonyesha mugeni Bukavu yote akiwa juu ya mototaksi. Mi ninakushauri Massachusetts. Bale batu baliandika kila kitu, ata mambo ya nguruwe (nitakuya ku nguruwe). Tena njo koloni ya kwanza ya Baingereza mu Amerika ya kaskazini yenye iliingiza utumwa mu sheria ya kuandikwa, mu 1641, miaka mingi mbele ya Virginia, na ukisema ile sentensi tu, oditwari yote itaacha simu. Na karatasi zenyewe ziko ku intaneti bure, Massachusetts Historical Society imeweka picha za barua na za kesi, fungua usiku ukiwa na mega za bei chini, utaona mwandiko ya mukono ya batu benye balikuwa batumwa, ile hautaipata mu notisi.

Kuko mutego moja hapa mwanzo, na maprofesa banaipenda sana. Plymouth na Massachusetts Bay haikuwa koloni moja. Bale ba Mayflower balifika Plymouth mu 1620, balikuwa bameachana kabisa na kanisa ya Uingereza. Bale ba Massachusetts Bay balikuya na guvernere wao John Winthrop mu 1630, balikuwa mingi zaidi na makuta zaidi, na bao habakusema banaacha kanisa ya Uingereza, balisema banaisafisha, njo maana banaitwa Bapuritani. Zile koloni mbili ziliunganishwa na karatasi ya mufalme ya 1691. Ukisema Winthrop alishuka mu Mayflower, umekufa, ata kama ingine yote ni nzuri.

Sasa serikali. Usianze na "demokrasia", anza na kampuni. Ile koloni ilikuwa kampuni ya biashara, mufalme Charles wa kwanza aliitolea karatasi mu 1629, na baaksionere bakafanya kitu moja ya akili sana: badala ya kuacha ile karatasi London fasi mufalme anaweza kuinyanganya haraka, balipanda nayo mu meli. Fikiri kampuni ya kuchimba madini yenye baaksionere bake banahama benyewe ku karieri na statuti yao mu sanduku, kisha asamble ya baaksionere inageuka bunge, prezida wa kampuni anageuka guvernere. Njo ile ilifanyika. Ata jina ya bunge yao, General Court, inatoka mule mu statuti ya kampuni, na paka leo bunge ya Massachusetts inaitwa vile.

Hapa njo kuko mutego ya pili, ya tafsiri, na simu yako itakudanganya. Utakutana na neno freeman kila fasi. Simu itakuambia "mtu huru" na weye utaandika eti ni mutu mwenye haiko mutumwa. Hapana. Freeman alikuwa mutu mwenye kuingia mu kampuni, mwenye sauti, mwenye kupiga kura. Mwanamuke mwenye haiko mutumwa hakuwa freeman, kijana mwenye anafanyia mwengine kazi hakuwa freeman, na kuanzia 1631 ata mwanaume mwenye shamba na nyumba hakuweza kuwa freeman kama haiko memba wa kanisa. Na kuwa memba haikuwa kukuya siku ya mungu na kukaa ku benchi, kukuya ilikuwa lazima kwa bote, ukikosa unalipa faini. Kuwa memba ilikuwa kusimama na kutoa ushuhuda namna Mungu alikuokoa, na batu bapime kama ni kweli. Hapa Bukavu kila mutu anajua ushuhuda ni nini, fungua kanisa yoyote ya uamsho ku Kadutu siku ya pili ya juma jioni utasikia. Sasa ambia oditwari: fikirini kadi ya elektere inatoka ku ule ushuhuda. Bataelewa kwa sekonde mbili kitu yenye vitabu inaeleza kwa kurasa kumi.

Lakini usikimbie useme "ilikuwa serikali ya bapasta". Ile ni kosa yenye batu mingi banafanya na ni fasi ya kuonyesha weye umesoma. Mule Massachusetts pasta hakuruhusiwa kushika kazi ya serikali, hakuwa juji, hakuwa depite. Ata ndoa haikufungishwa na pasta, ilifungishwa na mukubwa wa serikali, juu kwao kufunga ndoa mu kanisa ilikuwa desturi ya Bakatoliki. Kazi ya pasta ilikuwa kuhubiri na kushauri, na kusaidia kanisa kuamua nani ni memba, na ule mwenye anaamua nani ni memba anaamua nani anapiga kura, kwa hiyo nguvu yake ilikuwa inapitia mulango ya nyuma. Mukono mbili tofauti, mwili moja. Mfanyabiashara mumoja wa Boston, Robert Keayne, mu 1639 alishitakiwa eti anauzisha bei kali kupita kiasi, General Court ikamupiga faini, kisha akapelekwa tena mbele ya kanisa akalie na kuomba musamaha. Kosa moja, malipo mara mbili. Nikisomaka ile ninafikiri bauza-sukari ba soko ya Kadutu wakati barabara imekatika.

Na huyu Keayne njo mwenye mambo ya nguruwe. Mama mumoja, Elizabeth Sherman, nguruwe yake ilipotea, akasema Keayne ameichinja. Kesi ikapanda paka ku General Court mu 1642, kule badepite ba miji mingi wakashikilia mama masikini, bale bakubwa ba juu bakashikilia tajiri, habakusikilizana, na mu 1644 bakaamua kila kundi ikae mu chumba yake. Njo bunge ya vyumba mbili ilizaliwa hivyo, kisababu ya nguruwe. Itie ku dakika ya saba ao ya nane, fasi batu banaanza kupiga miayo, na usiirefushe.

Watu watacheka. Wakiwa banacheka, andika ku tablo sentensi ya 1641.

Hii njo moyo ya eksipoze kwa hivyo tuikalie. Mu mwezi wa 12 ya 1641 General Court ilikubali kitabu ya haki yenye inaitwa Body of Liberties, na mwenye aliiandika, Nathaniel Ward, alikuwa pasta, na mbele ya kuwa pasta alisomaka sheria. Tayari mutu mumoja ana kanisa na tribinali mu mufuko moja. Ndani mule kuko mambo mazuri ya kushangaza kwa ile wakati: mutu asihukumiwe bila sheria, mwanaume asipige bibi yake, ata nyama ya kufuga isitesewe. Kisha unafika ku kifungu ya 91. Mi ninaitafsiri hivi: "Hakutakuwa ata siku moja utumwa kati yetu, isipokuwa ni mateka benye bamekamatwa mu vita ya haki, na bageni benye banajiuzisha benyewe kwa mapenzi yao ao benye banauzishwa kwetu. Na hawa batakuwa na haki zote na matendo ya kikristo yenye sheria ya Mungu iliweka mu Israeli juu ya batu ba namna hiyo."

Namna ya kuisoma mbele ya batu: soma paka ku "isipokuwa", kisha nyamaza. Acha bafurahi kidogo, koloni ya bakristo inakataza utumwa! Kisha soma ile inabakia, polepole. Neno moja ile imefungua milango tatu. Ya kwanza, mateka ya vita ya haki, na mwenye anasema vita ni ya haki ni mwenye ameshinda. Ya pili, mutu mwenye anajiuzisha, sawa, tuiache, ni ndogo. Ya tatu njo kubwa kama mulango ya depo: benye banauzishwa kwetu. Nani aliwauzisha? Aliwapata wapi? Sheria haiulize. Meli ikifika na batu, na mutu akisema "ninauza", inatosha.

Sasa onyesha kwa kidole: "vita" na "kuuza", ile ni serikali na biashara. "Sheria ya Mungu mu Israeli", ile ni dini. Utumwa iko katikati, imeshikwa huku na kule. Sentensi moja ina mada yako yote tatu, kwa hiyo hauna haja ya kurasa sita.

Omba mutu mumoja afungue Biblia ku simu, Mambo ya Walawi 25, mustari 44 paka 46, asome kwa sauti. Pale inasema batumwa batoke ku mataifa yenye inazunguka, na bana ba Israeli basitawaliwe kwa ukali. Bapuritani balijiona bao njo Israeli mupya, kwa hiyo Muingereza mukristo ni ndugu, Mwafrika na Muindiani (mwenyeji wa Amerika) ni "mataifa". Basi ile kifungu ya 91 balikuwa habakuiandika na haya, baliiandika na Biblia wazi ku meza. Usimwambie batu eti "balikuwa banafiki", ni rahisi sana na inafunga mazungumzo. Onyesha namna gani balisoma na balichagua mustari gani, inauma zaidi.

Kisha rudi nyuma miaka ine, na ile kurudi nyuma ni muhimu, usifuate tarehe moja kwa moja. Mu 1637 koloni ilipiganisha Bapequot, batu benye balikuwa na inchi kule Connecticut. Mwezi wa tano askari ba John Mason balichoma kijiji yao ku Mystic alfajiri, bamama na batoto ndani, mamia ya batu. Benye balibakia baligawanywa ku nyumba za bakoloni, na bengine balipandishwa mu meli yenye inaitwa Desire, kapiteni William Pierce, bakaenda kuuzishwa ku visiwa vya Karibe. Mu mwezi wa pili ya 1638 ile meli ilirudia Boston, na Winthrop mwenyewe akaandika mu daftari yake imeleta nini: pamba, tumbaku, na batu beusi. Vile tu, kati ya mizigo, bila jina. Kwa hiyo 1641 sheria haikufungua biashara, ilikuta biashara iko mbio na ikaivalisha koti. Ile ni jibu ya mama wa nyuma. Na mu 1670 bakairudilia tena ile kifungu, bakatosha neno "bageni", juu mutoto mwenye amezaliwa Boston na mama mutumwa haiko mugeni, na bao balitaka naye abakie mule.

Mutu mwerevu ataweka mukono juu aseme: lakini nilisoma mu 1646 Massachusetts ilirudisha Bafrika kwao! Ni kweli, na lazima uwe tayari. Banaume bawili ba meli, kapiteni James Smith na musaidizi wake Thomas Keyser, balikuwa bamevamia kijiji ku Guinea, siku ya sabato juu yake, bakaiba batu. General Court ikakasirika, ikatoa amri Bafrika barudishwe, na ikataja zambi ya kuiba mutu, juu Kutoka 21:16 inasema mwenye kuiba mutu auawe. Lakini angalia vizuri, zambi ilikuwa kuiba. Kama wale bawili balilipa, karatasi ingekuwa safi. Mi ile kesi ninaipenda juu inaonyesha balikuwa na dhamiri, na dhamiri yao ilikuwa na mpaka, na mpaka ilikuwa fasi gani.

Mutego ya tatu tena ni neno. Mu makaratasi ya Massachusetts mutumwa mara mingi anaitwa servant, na simu yako itaandika "mtumishi", na weye utaona eti kumbe balikuwa baboyi ba nyumba tu. Kulikuwa batumishi ba kweli, Baingereza masikini benye kontra ya miaka ine ao saba. Ukikutana na mutu mu karatasi, uliza maswali tatu: kontra yake inaisha lini? Bana bake ni ba nani? Anaweza kuuzishwa bila kuulizwa? Kama hakuna tarehe ya kuisha, ule ni mutumwa ata kama bamemuita mutumishi. Na shiye Baswahili tusicheke sana, neno yetu "mtumwa" inatoka ku "kutuma", mwenye ametumwa, na mu Biblia Paulo anajiita mutumwa wa Kristo, batu banasoma siku ya mungu bila kusikia kitu.

Juu ya hesabu, usiseme "batumwa balikuwa mingi sana" ao "balikuwa kidogo tu". Mu koloni yote balikuwa karibu asilimia 2, mu Boston katikati ya karne ya 18 karibu asilimia 10. Habakukuwa ku mashamba makubwa ya pamba, balikuwa mu jiko, ku bandari, mu karakana, mu meli. Balikuwa banalala mu nyumba moja na bwana yao na kukaa mu kanisa moja naye, ku viti ya nyuma ao kule juu. Ile ukaribu njo inafanya kaskazini iwe ngumu kueleza.

Lakini asilimia 2 inadanganya, na sasa onyesha makayabo. Usicheke. Nunua kipande ndogo ya samaki ya chumvi, funga mu plastiki, uiweke ku meza tangu mwanzo bila kusema kitu, arufu itakufanyia kazi. Makuta ya Massachusetts ilitoka ku hii samaki. Ya muzuri balipeleka Uhispania na Ureno, kwa Bakatoliki benye banafunga nyama. Ile mbaya, yenye imevunjika, yenye hakuna mutu anataka, balipeleka ku visiwa vya Karibe kulisha batumwa ba mashamba ya miwa. Meli zikarudia na melasi (asali nzito ya miwa), Boston ikapika rumu, rumu ingine ikavuka paka Afrika kununua batu. Kwa hiyo mutu angeweza kuwa pasta wa kijiji kule Massachusetts, bila mutumwa ata mumoja, na mushahara yake itoke ku kodi ya muvuvi mwenye mununuzi wake wa mwisho ni shamba ya batumwa. Na paka leo mu chumba ya badepite kule Boston kuko samaki kubwa ya mbao yenye inatundikwa juu, waliiweka tangu 1784. Tafuta picha yake, bataomba uipitishe mara mbili.

Karne ya 18 uipite haraka, chukua batu batatu tu.

Samuel Sewall, juji, mumoja wa bale benye balihukumu bale ba muji ya Salem mu 1692, batu 19 balinyongwa eti ni bachawi (na wa kwanza kushitakiwa mule alikuwamo Tituba, mutumwa wa pasta Samuel Parris). Kisha miaka tano Sewall alisimama mu kanisa pasta akasoma barua yake ya kuomba musamaha. Mu 1700 akaandika kikaratasi ya kupinga utumwa, akachukua hadithi ya Yosefu kuuzishwa na bandugu zake. Mwaka yenye inafuata John Saffin, mfanyabiashara na juji pia, akamujibu kwa Biblia ile ile. Biblia moja, mulango mbili. Na Saffin alikuwa na sababu yake, alikuwa na mutumwa jina Adam, alimuahidi kwa mukono yake kumuachilia kisha miaka saba na akakataa, Adam akamushitaki na akashinda mu 1703. Hapa simama ueleze jambo moja ya ajabu: kule Massachusetts mutumwa alikuwa mali, anauzishwa, analipiwa kodi sawa vile ngombe, na ule ule mutu alikuwa na ruhusa ya kuingia ku tribinali, kutoa ushahidi, kushitaki. Weka ile kichwani, tutaihitaji.

Wa pili, Onesimus. Mu 1706 bakristo ba Boston balitaka kufurahisha pasta wao Cotton Mather, bakamupa zawadi: mutu. Mather akamuita Onesimus, jina ya ule mutumwa wa barua kwa Filemoni. Ile mwaka ile ile Mather akachapisha kitabu yenye inaomba mabwana bafundishe batumwa neno ya Mungu, na akabatuliza roho: ubatizo haimufanye mutumwa awe huru. Huyu Onesimus njo alimueleza namna kwao Afrika banachanja ndui, banachukua kidogo ya usaha ya mugonjwa banatia ku mukono ya muzima. Mu 1721 ndui ikaingia Boston, batu 844 bakakufa, Mather na daktari Zabdiel Boylston bakajaribu ile dawa ya Onesimus kwa batu karibu 240, bakakufa 6. Batu ba Boston bakakasirika, mumoja akatupa bombe mu dirisha ya Mather. Bambie bale bote benye alama ya chanjo ku mukono baiguse.

Wa tatu ni Elizabeth Freeman, na pale dini, serikali na utumwa zinakutana mara ya mwisho. Tangu 1691 kura haikutoka tena ku ushuhuda wa kanisa, ilitoka ku mali, na guvernere alichaguliwa na mufalme. Mapinduzi ikakuya, batumwa ba Boston bakaanza kuandika barua kwa bunge, 1773, 1774, 1777, na bakasema na kinywa ya bapuritani benyewe: namna gani mutawala ndoa yetu na bana betu? Bunge haikubapa uhuru. Mu 1780 bakaandika katiba, kifungu ya kwanza inasema batu bote banazaliwa huru na sawa. Bett, njo vile huyu Elizabeth alikuwa anaitwa kwanza, hakusoma, alikuwa mu nyumba ya John Ashley kule Sheffield, siku moja bibi ya nyumba alitaka kupiga mwengine na beleshi ya moto, Bett akaweka mukono yake na akabakia na kovu. Akaenda kwa avoka Theodore Sedgwick. Mwezi wa nane ya 1781 juri ya Great Barrington ikasema haiko mutumwa, Ashley amulipe shilingi 30. Akakamata jina Elizabeth Freeman, na sasa munajua lile neno freeman lilikuwa na uzito gani. Mu 1783 ku kesi ya mutumwa Quock Walker juji mukubwa William Cushing akaambia juri utumwa haikubaliane na katiba, na ku hesabu ya batu ya 1790 Massachusetts haikuandika mutumwa ata mumoja. Bunge haikupiga kura ya kuondoa utumwa. Milango ya tribinali njo iliondoa, ile ile yenye Adam alipitia.

Na kodi ya kanisa? Ile iliendelea paka 1833. Utumwa ilikufa miaka 50 mbele. Mi sijaona mutu anaitia ile mu eksipoze, itie.

Maswali. Moja itakuya lazima: "Na shiye huku?" Jibu kwa sentensi mbili na ukae: misafara ya Tippu Tip, mfanyabiashara wa batumwa, ilikuwa Kasongo na Nyangwe, na hii Kiswahili tunasema ilipanda huku kwa njia zile zile. Usianze eksipoze ya pili, dakika zako zimeisha. Ingine itakuwa ya kijana wa kanisa mwenye amekasirika eti unatukana Biblia. Usibishane naye, mupe Sewall na Saffin, umuulize nani kati ya bawili alisoma vizuri, acha oditwari imujibu.

Mambo ya mwisho ya kazi. Usisome, shika karatasi moja tu yenye tarehe: 1630, 1631, 1638, 1641, 1646, 1670, 1700, 1721, 1781, 1833. Rudilia nyumbani mbele ya mutu mwenye hajasoma historia, mi nilirudiliaka mbele ya dada yangu akiwa anachambua muchele, na kila fasi alinyamaza kuchambua niliweka alama. Na ile kifungu ya 91 chapa ku karatasi yake peke yake, herufi kubwa, 36 kama unaweza, juu umeme inakatika wakati yoyote na bataisoma na torshi ya simu. Kuchapa ukurasa moja ku sekretaria yangu ni franka 200, wa kwanza asubuhi ninamupunguzia.